Mwaka wa Kati Ughaibuni: Nani Anamsindikiza Kijana Wetu?

Kila mwaka ifikapo Mei, vijana wa kidato cha sita wanapomaliza mitihani yao, huanza kwao kipindi ambacho mtaala wetu haukukipa jina. Matokeo hutoka Julai, na vyuo vikuu hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Kwa aliyemaliza kidato cha nne mwezi Novemba, subira huendelea hadi kidato cha tano kinapoanza Julai ya mwaka unaofuata. Na kwa yule ambaye alama hazikutosha, au mkopo wa elimu ya juu haukupatikana, miezi hugeuka mwaka, na mwaka huzaa mwingine.

Huko Ulaya, wengi wamezoea kukipa kipindi hiki heshima yake. Kijana akitoka sekondari hujitolea mwaka mmoja, mara nyingi katika nchi ya mbali, kabla ya chuo au kazi. Sisi tutauita mwaka wa kati. Wazo lenyewe si geni kwetu. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa Julai 1963, na kwa miaka mingi wahitimu wa kidato cha sita walilitumikia kwa mujibu wa sheria, hadi utaratibu huo uliposimamishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013. Wengi katika Nyanda za Juu Kusini wanaikumbuka kambi ya Mafinga kwa baridi yake na kwa marafiki waliowapata humo. Taifa lilielewa mapema kwamba kijana aliye kati ya shule na kazi asiachwe peke yake.

Katika tafakari hii tunautazama mwaka huo kwa upande wake mmoja, yaani kuishi ughaibuni: vijana wa mataifa mengine wanaokuja kwetu, na vijana wetu wanaoondoka. Hoja yetu ni moja. Kinachoufanya mwaka wa ugenini umjenge kijana au umvunje ni maandalizi yanayofanywa kabla hajaondoka, na watu waliobaki nyuma yake wakimfuatilia. Nchi anayokwenda huja baada ya hayo.

Kalenga, mahali panapojua kungoja

Tunaanzia Kalenga. Kijiji hiki kipo karibu na Mto Ruaha Mdogo, umbali usiofika kilomita 20 kutoka Iringa mjini, kwenye njia iendayo Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Hapa ndipo Mtwa Mkwawa alipokuwa na ngome yake, Lipuli, iliyoangushwa na majeshi ya Wajerumani mwishoni mwa Oktoba 1894. Baada ya kifo chake mwaka 1898 fuvu lake lilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza lirudishwe, lakini Wahehe walingoja hadi Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi hapo Kalenga kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa. Leo limehifadhiwa katika makumbusho ya kijijini. Watu wa Kalenga hawahitaji kufundishwa maana ya kumngoja wa kwao aliye nchi ya mbali.

Mwaka huohuo wa 1919 Wamisionari wa Consolata kutoka Italia waliingia Iringa na kufanya makao yao Tosamaganga, jirani na Kalenga. Shirika lao lilianzishwa Torino mwaka 1901 na Padre Giuseppe Allamano, aliyetangazwa mtakatifu tarehe 20 Oktoba 2024. Mtakatifu Allamano hakuwahi kukanyaga ardhi ya Afrika. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wale aliowatuma, kuwataka waandike barua na shajara za maisha yao, kuzisoma na kuwajibu. Katika maisha yake tunaona kwamba kutuma ni wito kamili, na kwamba wajibu wa mtumaji hauishi pale msafiri anapopanda chombo.

Vijana wanaotujia

Njia iliyofunguliwa na wamisionari hupitwa leo na vijana wa aina nyingine. Nchini Italia, sheria ya mwaka 1972 iliwaruhusu waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri kufanya utumishi wa kiraia badala ya jeshi. Mwaka 2001 sheria nyingine iliufanya utumishi huo kuwa wa hiari na kuwafungulia mlango wasichana pia, ndani ya nchi na nje. Nchini Ujerumani, Wizara ya Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo ilianzisha mwaka 2008 mpango uitwao weltwärts, kwa vijana wa miaka 18 hadi 28. Mashirika ya kitawa ya nchi hiyo nayo yana utaratibu wa kuwatuma vijana walei kuishi na jumuiya za kitawa kwa muda maalumu, wakisali na kufanya kazi pamoja nazo.

Katika hospitali ya Jimbo iliyopo Tosamaganga, shirika la Madaktari na Afrika CUAMM, lililoanzishwa Padova mwaka 1950, limekuwa likiwaleta madaktari vijana walio katika masomo ya ubingwa, wakae miezi kadhaa na kujifunza wodini pamoja na wenyeji. Hawa ni wataalamu, na hawalingani na kijana aliyetoka sekondari juzi. Lakini wote wawili wanakutana na jambo lilelile: kuwa mgeni katika nchi ambayo haikuwangoja ili iendelee kuishi.

Vijana hawa hupitia nini? Wiki za kwanza kila kitu ni picha. Kisha picha huisha na maisha huanza. Kijana aliyezoea kujibiwa kwa lugha yake anajikuta hawezi hata kusalimia vizuri. Anajifunza kwamba "kamwene" haisemwi huku mtu anakimbia, na kwamba kumpita mzee njiani bila salamu ni kumdharau. Anaoga kwa maji ya ndoo wakati wa baridi kali ya Juni na Julai. Anakula ugali na maharage, na baada ya muda anakuwa na wasiwasi siku anayoukosa. Watoto wanamwita mzungu barabarani, naye anaonja, pengine kwa mara ya kwanza maishani, jinsi inavyokuwa kutambuliwa kwa rangi ya ngozi kabla ya jina.

Lililo gumu zaidi huja katikati ya mwaka. Wengi hufika wakidhani wamekuja kusaidia. Polepole wanagundua kwamba muuguzi wa Tosamaganga aliifanya kazi yake vizuri kabla yao na ataifanya baada yao, na kwamba mama wa Kalenga anayewapikia anajua mambo mengi ambayo wao hawayajui. Aliye mnyenyekevu hukubali kuwa mwanafunzi, na mwaka wake huzaa matunda. Asiyekubali hubaki akipiga picha na watoto ambao wazazi wao hawakuombwa ruhusa, kisha hurudi kwao na hadithi ya umaskini wetu bila majina yetu. Tunalisema hili kwa upendo, kwa kuwa heshima ya mtoto wa kijijini haipungui kwa sababu aliyeshika kamera ni mgeni wetu.

Lipo pia tunda ambalo kitabu cha historia hakiwezi kulitoa. Kijana wa Kijerumani anayesimama katika makumbusho ya Kalenga anasimama mbele ya jambo lililotendwa na jeshi la nchi yake. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha huko Songea kwa ukatili uliofanyika wakati wa Vita vya Majimaji. Msamaha wa kiongozi ni mkubwa, lakini huota mizizi pale kijana wa taifa lile anapokaa mezani na kitukuu wa waliopigana, wakala pamoja, na kuulizana bila hasira nini kilitokea.

Sasa tuangalie jambo ambalo wengi wetu hatulioni tunapowapokea vijana hawa. Kijana wa weltwärts haji mikono mitupu, na hatuzungumzii fedha. Anakuja na mkataba unaotaja miezi yake. Ana bima ya afya. Ana siku 25 za semina, nyingine kabla ya safari, nyingine akiwa huku na nyingine baada ya kurudi. Ana mratibu wa kumpigia simu akiugua au akigombana na wenyeji wake, na tarehe ya kurudi inajulikana. Nyuma ya kijana mmoja anayeonekana yuko peke yake na begi mgongoni, ipo jumuiya nzima.

Vijana wetu wanaokwenda

Kwa muda mrefu njia hii ilikuwa ya upande mmoja: wao walikuja, sisi tulipokea. Tangu mwaka 2013 mpango huo wa Ujerumani umefungua pia mlango wa kutoka Kusini kwenda Kaskazini, ili vijana wa nchi kama yetu wajitolee huko kwa mwaka mmoja, wengi wao katika shule za chekechea, nyumba za wazee na vituo vya watu wenye ulemavu. Ipo pia njia ya au pair, ambapo kijana mwenye umri usiofika miaka 27 anakaa na familia ya Kijerumani, anasaidia watoto na kazi ndogo za nyumbani kwa saa zisizozidi 30 kwa juma, na kujifunza lugha. Muda wake hauzidi mwaka mmoja. Anatakiwa kujua Kijerumani cha awali kabla ya kuondoka, na familia inayompokea inawajibika kumlipia bima.

Kijana wa Kalenga anayefika huko hukutana na baridi ambayo ile ya Mufindi haikumwandaa. Desemba, saa kumi jioni giza limeshaingia. Ndani ya treni watu sitini wamekaa kimya na hakuna anayemsalimu mwenzake. Kwa mtu aliyelelewa mahali ambapo salamu ndiyo mlango wa utu, ukimya huo huumiza kuliko theluji. Wapo wanaokutana na ubaguzi wa wazi, na wapo wanaokutana na ule wa chinichini ambao ni vigumu kuusimulia nyumbani.

Anayefanya kazi katika nyumba ya wazee hujiuliza maswali mazito. Anamlisha bibi mwenye watoto watatu walio hai, naye anawaona mara chache. Mwanzoni anahukumu: watu hawa hawana upendo. Baadaye anaona pia kwamba bibi yule anaogeshwa kila siku, dawa zake hazikosekani, na anayemhudumia anapumzika na kulipwa. Ndipo anapomkumbuka bibi yake mwenyewe kijijini, aliyezungukwa na wajukuu lakini dawa ya presha ikiisha hakuna wa kuinunua. Kijana aliyeyaona yote mawili anaweza kurudi na swali ambalo kanisa la huku na la kule yanalihitaji: tutawatunzaje wazee wetu kwa upendo na kwa utaratibu pia?

Jumapili anakwenda Misa na kujikuta kijana peke yake katikati ya vichwa vyeupe. Hakuna ngoma, wala vigelegele wakati wa matoleo. Imani aliyoibebwa nyumbani kwa mazoea sasa anaibeba mwenyewe. Wapo ambao huiacha. Wapo pia ambao, kwa mara ya kwanza, wanasali kwa sababu wameamua kusali.

Juu ya yote hayo, simu kutoka nyumbani hailali. Kuna karo ya mdogo wake, bati za nyumba na harusi ya binamu. Anayepewa posho ya kujikimu tu anachukuliwa kama mwenye mshahara, na aibu ya kukiri kwamba hana humfanya aseme uongo, au aache kupokea simu. Wazazi wapendwa, kijana aliyekwenda kujitolea hakwenda kuchuma. Kumdai kile asichonacho ni kumsukuma kwenye kazi zisizo halali, au kumzuia asirudi tarehe yake ikifika.

Safari isiyo na mkataba

Pamoja na hayo, vijana wanaoondoka kwa njia hizi zilizopangwa ni wachache. Safari inayowagusa wengi katika vijiji vyetu ni nyingine, nayo haianzii uwanja wa ndege. Inaanzia kituo cha basi.

Kwa miaka mingi wasichana wa Iringa wamekuwa wakichukuliwa kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani, na sifa ya kwamba "wa Iringa ni wachapakazi na watulivu" imegeuka mtego. Anakuja mama aliyevaa vizuri, anataja jina la ndugu wa mbali, na anaacha kiasi kidogo cha fedha. Kesho yake binti mwenye miaka 15 anapanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, na nyumbani hubaki namba moja ya simu ambayo baada ya miezi miwili haipatikani. Leo mwaliko huohuo umepanuka: Muscat, Dubai, Riyadh, na hata "Ulaya" isiyotajwa nchi. Wapo wanaofika kwa waajiri wema na kurudi na mtaji. Wapo pia wanaonyang'anywa pasipoti, wanaofanya kazi bila siku ya kupumzika, na wanaorudi na majeraha ya mwili na ya roho.

Ulinganisheni msafiri huyu na yule kijana wa weltwärts. Mmoja, aliyetoka katika nchi tajiri, hakuruhusiwa kuja Kalenga bila bima, semina, mratibu na tarehe ya kurudi. Mwingine, binti yetu mwenyewe, ameondoka Kalenga bila hata kimoja kati ya hivyo. Tofauti hii si ya bahati. Ni tofauti ya jinsi jamii mbili zinavyokadiria thamani ya kijana anayeondoka, na hili linatugusa kama watu tunaoamini kwamba kila mtu ameumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Sheria ya nchi nayo iko wazi: tangu mwaka 2008 Tanzania ina sheria dhidi ya biashara haramu ya binadamu, na kumchukua mtu kwa hila ili anyonywe ni kosa, awe amepelekwa Dar es Salaam au ng'ambo ya bahari.

Jinsi Tobiti alivyomtuma mwanawe

Maandiko Matakatifu yana kitabu kizima kuhusu kijana anayesafiri nchi ya mbali. Ni Kitabu cha Tobiti. Mzee Tobiti, kipofu na maskini, anahitaji kumtuma mwanawe Tobia hadi Rage ya Media akachukue fedha alizoziweka amana kwa Gabaeli. Tunaombwa kusoma polepole mambo anayoyafanya kabla ya safari.

Kwanza, anamketisha kijana na kumpa mausia: amkumbuke Mungu, amheshimu mama yake, amlipe mfanyakazi ujira wake bila kuuchelewesha. Pili, anampa hati ya ile amana, maana neno la mdomo halitoshi mbali na nyumbani. Tatu, hamruhusu aende peke yake. Na mwenza anapopatikana, mzee hamkubali kwa sababu ya sura yake njema tu. Anamwuliza ukoo wake na kabila lake, ingawa aliye mbele yake ni malaika Rafaeli. Nne, anakubaliana naye ujira waziwazi: drakma moja kwa siku, pamoja na mahitaji ya safari. Tano, anawabariki.

Nyumbani baba anahesabu siku za kwenda na za kurudi. Mama, Anna, anatoka kila siku kuitazama njia. Tobia anaporudi analeta mke, fedha na dawa ya macho ya baba yake. Mzee aliyemtuma gizani ndiye anayepata kuona. Hapo tunaelewa kwa nini wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone: anayesafiri vizuri huwaponya pia waliobaki.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Wosia wake wa Kitume "Christus vivit" yaani "Kristo anaishi" wa mwaka 2019, aliwataja wahamiaji kama mfano wa nyakati zetu, na alitahadharisha kuhusu wafanyabiashara wanaonyonya ndoto zao. Katika "Fratelli tutti" ya mwaka 2020 alirudia wajibu wa kuwapokea wahamiaji, kuwalinda, kuwaendeleza na kuwashirikisha. Kwa parokia inayotuma, tunathubutu kuongeza wajibu unaotangulia hiyo minne: kuwasindikiza.

Yanayowezekana parokiani

Hayo yote hayadai mfuko mkubwa. Yanadai utaratibu, na Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo tayari zipo.

Mtu akija kumtaka kijana, jumuiya imwulize kama Tobiti alivyomwuliza Rafaeli: wewe ni nani, na nani anakujua? Wakala wa ajira za nje aonyeshe usajili wake, na usajili huo uhakikiwe katika ofisi za serikali zinazohusika na kazi na ajira. Mkataba usomwe kwa Kiswahili mbele ya mzazi: unataja mwajiri, anwani, saa za kazi, posho, bima, na nani analipa nauli ya kurudi? Mpango wa kujitolea unaodai fedha nyingi kabla ya maandishi yoyote ni wa kutilia shaka. Mtoto ambaye hajafikisha miaka 18 asiruhusiwe kwenda kufanya kazi za ndani mbali na wazazi wake, hata kama anayemwomba ni ndugu.

Paroko, au katekista wa kigango, awe na daftari la wanaosafiri: jina, mahali, namba mbili za simu na tarehe ya kurudi. Nakala ya pasipoti ibaki nyumbani. Apatikane mtu mmoja, pengine kutoka WAWATA au VIWAWA, wa kumpigia kijana kila mwezi bila kumwomba kitu. Kabla ya kuondoka abarikiwe katika Misa, ili aliye safarini ajue kwamba ametumwa.

Na anaporudi asiulizwe ametuletea nini kabla ya kuulizwa ameona nini. Aliyerudi bila fedha asichekwe, na aliyerudi ameumizwa asinyamazishwe ili kulinda jina la familia. TYCS na vikundi vya vijana vimpe nafasi azungumze, kwa sababu mdogo wake wa kidato cha nne anangoja zamu yake na anahitaji kuusikia ukweli kutoka kwake kabla hajausikia uongo kutoka kwa wakala.

Hatusemi kwamba vijana wetu wabaki nyumbani. Tembea uone ni hekima ya wazee wetu, na Ibrahimu baba yetu wa imani aliitwa atoke katika nchi yake. Tunachosema ni kwamba kijana wa Kalenga anastahili kusindikizwa kwa uangalifu uleule ambao Padova na Torino huwapa vijana wao wanaokuja kwetu. Mwezi Mei ujao kundi lingine litamaliza mitihani. Kabla hawajaanza kupokea simu za watu wasiowajua, jumuiya zetu ziwe zimeshakaa na kuandika ukurasa wa kwanza wa daftari lile.